Tupeane uzoefu: vidonda vya miguu kwa wenye sukari

Assalaam aleikum. Mama ana sukari, amechubuka kidole gumba kwa kandambili na ngozi haitaki kufunga. Jirani anasema donda ndugu, shangazi anasema jicho la watu. Mliougua na mliouguza, kipi kilisaidia, kipi kiliharibu?

*Mkulima wa mwani, Jambiani:*
Nilikanyaga gome la chaza, nikafunga mwani wangu mpaka maji yakajaa, nikarudi nyumbani nikapika. Mtoto ndiye aliyeona damu sakafuni, mie sikusikia kitu! Kliniki wakanambia nifumbe macho, wakawa wananigusa nyayo kwa uzi wa plastiki kama wa mshipi. Nilijibu kisiginoni tu. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu, na mishipa ya damu inakuwa myembamba, basi damu haifiki vizuri kwenye kidonda. Sasa siingii baharini bila viatu vya mpira, na kila usiku naweka kioo chini naangalia nyayo.

*Mke wa mkulima, Mkoani:*
Watu wanakazania dawa, na huku kidonda kipo nyayoni na mtu anakikanyaga kutwa! Mume wangu walimkwangua nyama iliyokufa, wakamuanzishia insulini, wakamkataza kuukanyagia ule mguu. Msimu wa karafuu ukapita yeye yuko barazani, hasira tupu. Lakini kilifunga.

*Mjukuu, Wete:*
Maji moto HAPANA. Babu alitia miguu kwenye beseni la maji moto na chumvi ati ganzi itoke. Aliungua asijue. Vidole viwili vilikatwa.

*Ami wa Darajani:*
Tunaotawadha mara tano, tukaushe baina ya vidole, fangasi hupitia hapo. Na sugu zisikatwe kwa wembe.

*Mwenye uzi:*
Mama hataki kwenda hospitali kwa sababu haumi.

*Mkulima wa mwani:*
Mwanangu, kutouma ndiyo hatari yenyewe. Kuna uvimbe, harufu, weusi, homa?

*Mwenye uzi:*
Pembeni ya kucha pameanza weusi.

*Mke wa mkulima:*
Mpelekeni leo leo, msingoje siku ya kliniki. Na mkifika semeni mapema kuwa ana sukari.

*Ami wa Darajani:*
Inshallah atapona. Na jamani, nani anamjua fundi wa makubadhi anayeshona mapana mbele, yasiyobana vidole? Aseme na bei.