Kaamka na kiharusi: kwenye MRI, picha ya DWI nyeupe, ya FLAIR safi. Inasomwaje?

RadiografaZamu (swali)
Wakuu, tuseme mgonjwa kalala saa 4 usiku akiwa mzima, kaamka saa 12 asubuhi mkono na mguu wa kulia havina nguvu na maneno hayatoki. CT haina damu. Muda unahesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwa hiyo masaa 8 yameshapita, na ukomo wa alteplase (dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda) ni masaa 4.5. Nasikia MRI inaweza kumfungulia njia. Picha zipi zinatosha?

KijivuNaNyeupe
Mkuu, nne tu: DWI (b 1000, huonyesha maji yanavyotembea kwenye tishu) na ramani yake ya ADC (hupima mwendo huo), FLAIR (huonyesha maji yaliyozidi kwenye tishu), na SWI au T2* ya kutafuta damu. Protokali nzima ya ubongo iache, unapoteza muda.

Seli ikikosa damu huvimba, maji yanakosa nafasi ya kutembea. DWI huliona hilo ndani ya dakika chache: doa jeupe, na ADC nyeusi palepale. FLAIR husubiri maji ya ziada yajae kwenye tishu, na hiyo huchukua masaa. Kwa hiyo DWI nyeupe na FLAIR haijabadilika, yumkini kiharusi kilianza alfajiri, si saa 4 usiku.

Utafiti wa WAKE-UP (2018) ulisimama juu ya hoja hiyo, kwa wagonjwa 503. Baada ya siku 90, asilimia 53.3 ya waliopewa alteplase hawakuwa na dalili au walibaki na ndogo zisizowazuia shughuli zao. Kwa dawa bandia ni 41.8. Lakini vifo vilikuwa asilimia 4.1 kwa alteplase dhidi ya 1.2 kwa dawa bandia, na utafiti ulikatishwa kabla ya kufika 800 kwa kukosa fedha. Msiugeuze msahafu.

MsomaPicha
Wengi hukosea kwenye FLAIR. Ukibana dirisha la mwanga kupita kiasi, kila kitu kitang'aa. Linganisha na upande wa pili wa ubongo kwa dirisha lilelile. Weupe hafifu haumwondoi mgonjwa kwenye dawa, ulio dhahiri ndio unaomwondoa. Na mishipa inayong'aa kwenye mikunjo ya ubongo ni damu inayokwenda polepole: usiihesabu kama tishu iliyobadilika.

Jingine: DWI nyeupe lakini ADC nayo nyeupe, huo ni mng'ao wa T2 (weupe usiotokana na maji kukosa nafasi ya kutembea), mara nyingi kidonda cha zamani.

RadiografaZamu
Asante. Na kama ni MS (kinga ya mwili kushambulia ganda la neva)?

MsomaPicha
Madoa ya MS hupenda kusimama wima dhidi ya ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo), yenye umbo la yai, na hayafuati eneo la ateri moja. Kwa kawaida FLAIR huyaonyesha wazi, kwa hiyo hayataleta tofauti unayoitafuta kati ya DWI na FLAIR. Dalili zake nazo hujijenga kwa masaa hadi siku.

DaktariWaWodi
Kabla ya dawa pima sukari, ikishuka sana huiga kiharusi. Presha iwe chini ya 185/110, kisha isizidi 180/105 kwa masaa 24. Dozi ni mg 0.9 kwa kilo, mwisho mg 90. Mwenye kilo 70 anapata mg 63: 6.3 kwa dakika moja, 56.7 kwa dripu ya dakika 60. Mpime uzito kwelikweli, msikadirie kwa macho. Waliokuwa wakienda kutolewa bonge la damu kwa katheta hawakuingizwa WAKE-UP, kwa hiyo angalieni mishipa mikubwa pia.