Mwanangu kapigwa kosa kwa jibu SAHIHI, halafu naambiwa nimpeleke Kibaha!

Wakuu, nina hasira hata chai haishuki. Yule madam wa hesabu wa darasa la pili, wa miwani utosini na fimbo kwapani. Msijifanye hamumjui.

Swali: 3 − 5. Mtoto kaandika −2. Madam kapiga kosa jekundu refu kama nguzo ya umeme, daftari limetoboka hadi ukurasa wa nyuma. Pembeni kaandika: HAITOI.

Haitoi! Mtoto anamaliza zoezi wenzake bado wanapiga mistari, basi anatumwa kufuta ubao na kuokota makaratasi. Nikaenda na adabu zangu zote, nikaomba apewe hata maswali ya la nne wakati anasubiri. Madam akacheka, ofisi nzima inasikia: "Mama Junior, kama akili zimemzidi mpeleke Kibaha."

KIBAHA! Kibaha, Mzumbe, Ilboru, zote za vipaji hizo ni sekondari, mpaka mtoto afaulu mtihani wa kumaliza msingi. Wangu meno ya mbele bado hayajaota! Miaka yote hiyo afute ubao? Na lile kosa jekundu! HAITOI!

Babu_Tozo: Kila mzazi ana kipanga mpaka NECTA watoe matokeo.

Mpiga Debe: Mwambie madam aje aangalie salio langu tarehe 20, hasi ataziona.

Chaki Nyeupe: Mimi mwalimu, darasani nina watoto 130. Huyo kipanga wako nimtungie maswali yake saa ngapi? Ila kutoboa daftari, hapana.

Mama Junior: Mwalimu wangu, maswali matano tu! Na lile kosa alifute.

Shangazi wa Tegeta: Mrushe darasa yaishe.

Kobe Mjanja: Wangu alirushwa. Kakutana na mapandikizi ya watu, kageuka mbeba mabegi yao.

Dada Kisamvu: Mwenzenu mnagombania hasi mbili, mimi wangu karudishwa nyumbani kwa kukosa rimu.

Mpiga Debe: Rimu tu? Kwetu rimu, fagio la chelewa na sabuni ya choo. Choo chenyewe hakina maji.

Shangazi wa Tegeta: Na hela ya uji mmelipa?

Mama Junior: Wakuu, turudi kwenye mada.

Babu_Tozo: Mada ipi, ya rimu au ya uji?

Dada Kisamvu: Uji wenyewe sukari ya kuambiwa.