Draya imegoma kuwaka lakini taa ya ndani iko sawa. Ninunue swichi ya mlango?

mama_mapacha
Habari za saa hizi wakuu. Nipo Columbus, Ohio, draya yangu ya umeme, mashine ya kukaushia nguo, imegoma. Nafunga mlango, nabonyeza kitufe cha kuwashia, kimya. Hata mguno wa mota hausikiki. Ilianza kwa kudeka: nikiusukuma mlango kwa goti huku nabonyeza, inawaka. Sasa hata goti haisikii. Taa ya ndani haina shida, nikifungua mlango inawaka, nikikandamiza kile kidude cha swichi kwa kidole inazimika. Jirani kasema ni swichi ya mlango, ila mimi naona kama taa inazimika basi swichi ni nzima. Fundi anataka dola 120 kuja kuitazama tu. Mita ya kupimia umeme ninayo na bisibisi naijua. Nianzie wapi? Sebule imekuwa kama soko la mitumba.

kidume_wa_kusini
Dada usihangaike. Kata waya mbili za swichi, zipige jampa, yaani ziunge moja kwa moja kwa kipande cha waya, maisha yaendelee. Yangu inatembea hivyo mpaka leo.

fundi_mstaafu
Mwenye watoto asisikilize hilo. Ukiunga moja kwa moja, pipa linazunguka mlango ukiwa wazi. Jampa ni ya kupimia, kisha unaitoa.

Mama mapacha, hoja yako ya taa ina kasoro. Swichi ya mlango kwenye draya nyingi zenye taa ina miguu mitatu: mmoja wa kuingiza umeme, mmoja wa taa, mmoja wa mota. Mlango ukiwa wazi umeme unakwenda kwenye taa. Ukifungwa, unahamia kwa mota. Taa ikizimika inakuambia umeme umeondoka upande wa taa. Haikuambii kama umefika upande wa pili.

Hata hivyo taa imetusaidia. Draya za huko hita hutumia volti 240, mota na taa 120. Taa ikiwaka, basi kwa kawaida upande unaolisha mota una umeme, kwa hiyo breka, ile swichi kuu ya ukutani inayokata umeme, iache kwanza. Na lile goti lako ni ushahidi mkubwa. Fyuzi ya joto, ile inayokatika mashine ikizidi moto, ikikatika haijui goti. Kinachosikia goti ni kitu kilicholegea karibu na mlango: swichi, kile kidole cha mlangoni kinachoisukuma, au waya.

Chomoa plagi ukutani kabla hujagusa kitu, usitegemee kitufe. Kwenye draya nyingi hita hubaki na volti 120 hata mashine ikiwa imezimwa.

mama_mapacha
Nimeshachomoa. Naingilia wapi? Chujio la manyoya ya nguo linachomolewa kwa juu.

fundi_mstaafu
Hiyo rahisi. Toa skrubu mbili zilizo kwenye tundu la chujio, inua kifuniko cha juu kwa mbele, utaona waya za swichi kwa ndani ya paneli ya mbele. Zinaishia kwenye plagi ndogo ya plastiki inayoungana na waya kuu. Achanisha hiyo plagi, pima kati ya mguu wa kuingiza na mguu wa mota huku mlango umefungwa. Inatakiwa chini ya ohm 1. Mlango ukiwa wazi, isipitishe kabisa.

nyaya_tupu
Naongezea: soma namba, usiamini mlio. Mita nyingi hulia hata kwenye ohm 30, na swichi iliyoungua ndani inaweza kukulilia vizuri halafu ishindwe kubeba mota. Anza kwa kugusanisha ncha za mita uone zenyewe zinasoma ngapi.

Mchoro wa umeme mara nyingi umekunjwa na kufichwa ndani ya mashine, nyuma ya vitufe au nyuma ya paneli. Watu huutupa wakidhani ni takataka.

mama_mapacha
Mchoro nimeupata! Kwenye miguu ya swichi yenyewe: mlango umefungwa 0.4, wazi haipitishi. Nimefungua na kufunga mara nyingi, haibadiliki. Lakini nikirudisha ile plagi na kupima kutokea upande wa pili, haipitishi. Nikiitikisa, namba zinaruka ruka.

fundi_mstaafu
Swichi nzima, usinunue. Itazame plagi yenyewe, hasa tundu la waya wa mota.

mama_mapacha
Pini moja imekuwa kahawia na plastiki imelainika pembeni.

fundi_mstaafu
Ndiyo hiyo. Pini ililegea, kila mota ikiwaka inapata moto, ikipata moto inalegea zaidi. Goti lilikuwa linaisogeza paneli, pini inagusa kidogo. Kata waya pande zote mbili mpaka ukute shaba inayong'aa, bana terminali (vichwa vya chuma vya kuungia waya) mpya za kustahimili joto zinazolingana na unene wa waya. Usizungushe tepu ya kawaida, humo ndani kuna joto.

kidume_wa_kusini
Kumbe ningemnunulisha swichi bure 😂

nyaya_tupu
Wewe hukumwambia anunue hata swichi, ulimwambia akate waya.

mama_mapacha
Imewaka kwa mguso wa kwanza, sina haja ya goti. Natakiwa kuangalia kingine?

fundi_mstaafu
Ukiwa bado umefungua, futa manyoya yote yaliyoshika chini na kuzunguka mota, hayo ndiyo huwaka moto. Baada ya wiki mbili tatu chomoa umeme, ukague terminali. Zikianza tena kuwa kahawia, pima ampea za mota.