Tupeane uzoefu: umeletewa injini ya dizeli ya boti usiyoijua, unaanzia wapi?

Dizeli_Dunga

Wadau wa Ziwa Victoria, tupeane uzoefu. Mtu analetewa injini ya dizeli ya kufungwa ndani ya boti. Imepigwa rangi mpya, kibao kimekwanguka, na muuzaji hana maneno zaidi ya "hii ni kitu ya Mjapani, haifi." Kabla pesa haijatoka mfukoni, unaichunguzaje? Visa vya "ilinipata mimi" tuviweke kando, leteni vipimo na hatua.

Naanza na jina lake. Maandishi ya kwenye kifuniko cha valvu usiyaamini, kifuniko hubadilishwa kwa dakika kumi. Tafuta namba iliyogongwa kwenye bloku. Osha kwa mafuta taa, piga brashi ya waya, halafu sugua chaki juu yake: unga ukiingia kwenye alama, namba inasomeka. Kwenye injini za kampuni ya Perkins, herufi ED ni modeli ya 4.108 na LD ni modeli ya 4.236. Zikishapita herufi hizo mbili, inakuja namba ya orodha ya spea, kisha U kama ilitengenezwa Uingereza, halafu namba ya injini yenyewe, na herufi ya mwisho ni ya mwaka. Yanmar, ya Kijapani, hujitaja waziwazi: 3GM30F ni silinda tatu, na hiyo F inakwambia injini ina maji yake safi yanayozunguka ndani, haipozwi na maji ya nje moja kwa moja.

Namba ikiwa imefutwa na hedi iko wazi, pima kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni kwa sentimita. Kipenyo mara kipenyo mara mwendo mara 0.785 mara idadi ya silinda. Ukipata 9.84 na 12.7 kwa silinda nne, jibu ni kama 3,860, yaani lita 3.9. Hiyo ni 4.236, hata kama muuzaji anaiita Mjapani.

Spea_Kitale

Na hiyo 4.236 ni habari njema, kwa sababu ilifungwa pia kwenye trekta za Massey Ferguson. Ringi, slivu, gasketi na noseli unaulizia maduka ya spea za trekta: Kitale, Eldoret, Nakuru.

Lakini gawanya injini vipande viwili kichwani mwako. Kuna bloku, na kuna vitu vya majini vilivyovalishwa juu yake: manifoldi ya ekzosi yenye njia za maji, kipoza maji chenye mirija ndani, pampu ya maji ya ziwa, na gia boksi. Bloku utaiponya jua kali. Hivyo vingine ndivyo vinavyomaliza pesa, kwa hiyo vikague kwanza. Manifoldi itoe, ziba matundu yote ya njia za maji, ingiza upepo usiozidi baa moja, paka maji ya sabuni. Povu likitokea, usiipokee kwa bei ya nzima.

Onyo moja: pampu ya noseli ya trekta usiihamishie kwenye boti hivi hivi. Imesetiwa mizunguko tofauti. Ipelekwe benchi kwanza.

Mama_Boti_Mbita

Ongeza swali la ilikotoka. Injini iliyofanya kazi baharini huja na chumvi yake. Fungua nyumba ya themostati, chungulia. Ukiona ukoko mweupe mgumu na chuma kimelika kama mhogo uliobunguliwa, jua njia za maji zote ziko hivyo.

Pia badilisha zile anodi, vipande vya chuma vinavyoliwa na kutu badala ya shafti na propela. Za zinki ni za maji ya chumvi. Kwenye maji matamu zinapata gamba na kuacha kufanya kazi, shafti na propela vinabaki bila mlinzi. Ziwani funga za magnesiamu. Ile ndogo kama penseli iliyoingizwa kwenye kipoza maji ifungue pia. Mara nyingi imekatika, na kipande kimelala mbele ya mirija.

Gugu_Maji

Mirija hiyo huzibwa zaidi na vipande vya impela. Impela ni lile gurudumu la meno linalosukuma maji ndani ya pampu, na ni la mpira. Ikizunguka bila maji haichukui hata dakika moja kuchanika. Ukiikuta imepoteza meno matatu, tafuta matatu. Usifunge mpya hadi uyapate yote.

Kwa Ghuba ya Winam naona afadhali uachane kabisa na kuvuta maji ya ziwa. Gugu maji likisukumwa na upepo hadi Dunga, chujio linajaa mizizi. Weka mabomba ya kupozea nje, chini ya boti, maji ya injini yazunguke humo na kurudi. Gharama yake ni kwamba ekzosi inabaki kavu na ya moto. Ifungwe kitambaa cha kuzuia joto urefu wake wote, maana boti nyingi hapa ni za mbao.

Spea_Kitale

@Gugu_Maji na hiyo manifoldi yenye njia za maji ibaki, iungwe kwenye mzunguko wa mabomba hayo. Kuna wanaoitoa.

Fundi_Usenge

Majaribio sasa. Fika bila kutoa taarifa ya saa kamili na ushike bloku kwa mkono. Ikiwa ya moto, imewashwa ili ikuridhishe, subiri ipoe. Inayofaa huwaka baridi ndani ya sekunde chache, moshi mweupe kidogo kisha unaisha. Mweupe usioisha na unaochoma macho ni dizeli isiyoungua, mara nyingi kompresheni imechoka. Bluu ni oili. Toa kofia ya kujazia oili injini ikiwa inanguruma: mvuke mwembamba si tatizo, lakini ikipumua kama treni, ringi zimekwisha. Kwa geji ya kompresheni, baa 25 hadi 30, na silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, rudi nyumbani.

Ikikataa kuwaka, usibonyeze stata tena na tena huku koki ya maji iko wazi. Pampu inaendelea kuleta maji, ekzosi haina nguvu ya kuyatoa, yanarudi hadi kwenye silinda. Utasikia "dak!" na stata inakwama. Hapo simama. Toa noseli zote, zungusha kwa spana hadi maji yatoke, la sivyo utapinda konrodi.

Halafu kimo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo (kisukuma hewa) hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu. Propela iliyokuja nayo kutoka baharini itailemea, itoe moshi mweusi na isifikie mizunguko yake ya juu. Punguza pichi, yaani mlalo wa mabawa ya propela: inchi moja hurudisha mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika. Fundi anayetaka kufungua skrubu ya dizeli zaidi "ipate nguvu" anaongeza moshi tu, hewa haijaongezeka.

Dizeli_Dunga

Na uwiano wa gia bila kibao? Chaki kwenye puli ya kranki na kwenye flanji ya nyuma, ingiza gia, toa noseli, zungusha kwa mkono. Flanji ikizunguka mara 10 na kranki 20 na nusu, ni 2.05.

Fundi_Usenge

@Dizeli_Dunga hiyo ni kwa gia za kushika kwa mitambo. Gia za aina ya Velvet Drive na wenzake hushika kwa shinikizo la oili, injini ikiwa imezimwa hazishiki chochote, utazungusha hadi magharibi. Hizo soma kibao, na kama hakipo, mwambie muuzaji aiwashe, aingize gia, kisha pima puli ya kranki na flanji ya nyuma kwa kile kipimo cha mizunguko cha kushika mkononi.