Mashine ya kupunguza unyevu inajaza maji, lakini kipimo hakishuki: tatizo ni nini?

Mpangaji wa Chini

Salaam, ndugu zangu. Chumba changu cha kulala kiko ghorofa ya chini na kina unyevunyevu usiokwisha. Nguo zilizokaa kabatini zinanuka uvundo, viatu vya ngozi vinaota koga, na nyuma ya kabati, kwenye ukuta unaopakana na nje, kuna madoa meusi ambayo nikiyafuta hurudi. Haigromita yangu, yaani kifaa cha kupimia unyevu wa hewa, huonyesha kati ya asilimia 72 na 80.

Nimenunua mashine ya kupunguza unyevu ya aina ya kompresa (pampu ya gesi ya kupozea, kama ya jokofu), ambayo boksi lake limeandikwa kwamba inatoa lita 12 kwa siku. Ninaiwasha mchana kutwa, nikiacha dirisha wazi kiasi ili hewa izunguke, nayo hukusanya takriban lita tatu. Hata hivyo, kipimo hakiteremki chini ya 70, na chumba kinapata joto kuliko kilivyokuwa kabla ya kuiwasha. Naomba kujua kama mashine ina hitilafu, kama ingefaa ninunue ya lita 20, na kwa nini kifaa cha kukausha hewa kinapasha chumba joto. Nisingependa kuongeza gharama kabla ya kuelewa ninachopambana nacho.

Fundi Majokofu

Ndugu Mpangaji, mashine inayokusanya lita tatu kwa siku si mbovu. Ingekuwa imevuja gesi, ndoo ingebaki karibu tupu huku feni ikivuma kama kawaida, na hewa inayotoka isingekuwa na joto la maana. Joto unalolilalamikia ndilo ushahidi kwamba kompresa inafanya kazi.

Ndani yake kuna koili mbili, yaani mabomba yaliyopindwapindwa ambamo gesi hupita. Feni huvuta hewa ya chumba na kuipitisha kwanza kwenye koili baridi, ambako sehemu ya mvuke hugeuka maji na kudondokea kwenye ndoo. Kisha hewa hiyohiyo hupita kwenye koili ya moto na kurudishwa chumbani. Kiyoyozi nacho hukausha hewa kwa njia hiyo, ila koili yake ya moto iko nje ya nyumba, ilhali hapa zote mbili ziko ndani pamoja nawe. Tena joto linalorudi ni zaidi ya umeme uliotumika, kwa kuwa mvuke unapogeuka kuwa lita moja ya maji huachia joto la takriban kilowati-saa 0.68. Mashine ya wati 250 ikifanya kazi kwa saa 10 na kukusanya lita mbili na nusu, chumba kimepokea kilowati-saa 2.5 za umeme na nyingine 1.7 zilizokuwa zimejificha kwenye mvuke, sawa na hita ya wati 420 kwa muda huohuo.

Kuhusu lita 12, namba hiyo si ya uongo, lakini si ya chumba chako. Watengenezaji wengi hupima katika nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo hewa imejaa mvuke na mashine huvuna kwa urahisi. Joto na unyevu vikipungua, mavuno hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Huko Marekani, tangu mwaka 2019 mashine za kuhamishika hupimwa kwa takriban nyuzi 18 na asilimia 60, na matokeo yake ni kwamba mashine zilizokuwa zikiuzwa kama za painti 70 (painti moja ni karibu nusu lita) sasa huandikwa painti 50, bila kubadilika chochote ndani yake. Kwa hiyo, unapolinganisha mashine mbili, tazama kwanza kila moja ilipimwa katika hali gani; kama boksi halisemi, namba hiyo haina thamani ya kulinganisha.

Chumba kingekuwa baridi, tuseme chini ya nyuzi 15, ningezungumzia aina nyingine yenye gurudumu la kemikali inayonyonya unyevu na hita ya kuikausha, maana koili za kompresa hushika barafu kwenye baridi na mashine hulazimika kusimama mara kwa mara ili iyeyuke. Kwa chumba chenye joto, aina hiyo hula umeme bure. Na vile vidude vya mezani visivyo na kompresa hutoa mililita mia chache tu kwa siku. Vinafaa ndani ya kabati, si chumbani.

Mwalimu wa Sayansi

Fundi ameeleza mashine vizuri. Mimi ningependa tuulize maji hayo yanatoka wapi, kwa sababu hesabu yake inashangaza.

Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 inaweza kubeba mvuke usiozidi gramu 23. Kwa asilimia 75, imebeba kama gramu 17.3; kwa asilimia 50, gramu 11.5. Tofauti ni gramu 5.8. Chumba chenye ujazo wa mita 40, ambacho ni cha ukubwa wa kawaida, kina basi ziada ya gramu 230 hivi tu, pungufu ya robo lita. Kama hewa ndiyo ingekuwa ghala lote la unyevu, mashine yako ingemaliza kazi kwa saa chache na kuzima. Ukikusanya lita tatu kila siku na kipimo kikabaki palepale, maana yake lita tatu nyingine zimeingia.

Sehemu yake hutoka kwenye godoro, nguo, mbao na plasta, vitu vilivyonyonya unyevu kwa miezi na ambavyo huurudisha polepole hewa inapoanza kukauka. Ndiyo sababu siku za mwanzo huwa na mavuno makubwa, na hilo halipaswi kukukatisha tamaa. Lakini mshukiwa wangu mkuu ni dirisha. Tuchukulie kwamba hewa ya nje ina nyuzi 25 na asilimia 80, yaani gramu 18.4 kwa mita. Ukitaka kubaki na asilimia 50 ndani, kila mita inayoingia huleta ziada ya gramu 6.9. Chumba kilichofungwa, ambacho hewa yake hubadilika nusu kwa kila saa kupitia nyufa, kitaingiza kama lita 3.3 kwa siku, na mashine yako inaweza kushindana nazo. Dirisha likiwa wazi na hewa ikabadilika mara tano kwa saa, ni lita 33. Hapo hata ile ya lita 20 ingeshindwa, nawe ungekuwa unajaribu kukausha anga.

Jambo la pili ni kipimo chenyewe. Asilimia za unyevu hupimwa kulingana na joto, kwa hiyo chumba kikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 27, kipimo hushuka kutoka 75 hadi kama 67 bila tone moja la maji kuondolewa. Soma joto na unyevu kwa pamoja kila mara. Haigromita za bei ndogo pia hupotoka. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, itie maji kidogo sana iwe kama uji mzito, uifungie pamoja na haigromita ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa kadhaa, kifaa kisiguse chumvi. Hewa ya ndani ya mfuko itatulia kwenye asilimia 75. Kile kinachozidi au kupungua ndicho kosa la kifaa chako.

Bi. Nadhifu

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu dirisha, ila kauli ya kufunga madirisha ieleweke kwa masharti yake. Wakati ambapo hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani, kwa gramu na si kwa asilimia, dirisha hufanya kazi bora kuliko mashine yoyote na halitumii umeme. Vilevile, baada ya kuoga au kupika, mvuke utolewe nje papo hapo kwa feni au dirisha la bafu na jikoni, mlango wa kuingia vyumba vingine ukiwa umefungwa. Kuusubiri usambae ndipo uukamate kwa mashine ni kulipa mara mbili. Na nguo zisianikwe chumbani humo, kwani nguo za kufua mara moja kwa mashine huacha lita mbili au zaidi hewani.

Ninachoona kimesahaulika ni ukuta. Mashine huondoa mvuke uliomo hewani. Haizuii maji yanayopanda kutoka kwenye msingi, yanayopenya kwenye ufa wa nje au yanayovuja kutoka kwenye bomba lililozikwa. Ndugu Mpangaji, bandika kipande cha karatasi ya alumini kwenye ukuta huo, ukizibe pande zote kwa utepe, ukiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa unaogandamana kwenye ukuta baridi, na mashine itakusaidia. Upande wa ukutani ukilowa, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Mwite fundi ujenzi na mjulishe mwenye nyumba, kwa sababu ndoo utaijaza hadi uchoke.

Hata kama ni mvuke tu, kabati lisisimame limegusa ukuta. Nyuma yake hewa haitembei na ukuta hubaki baridi kuliko chumba. Hewa ya nyuzi 25 na asilimia 75 ikigusa ukuta wenye nyuzi 21, pale juu ya ukuta unyevu hufikia karibu asilimia 95, na koga hustawi pale unyevu wa uso wa kitu unapokaa kwenye 80 na zaidi. Ukiteremsha chumba hadi 55, ukuta uleule hupata kama 70. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10.

Madoa yenyewe yaoshwe kwa maji na sabuni, ukivaa barakoa na glavu, kisha pakaushwe kabisa. Usiyasugue yakiwa makavu, kwani vumbi la koga huruka na kuhamia kwingine. Na usipake rangi juu yake, kwa sababu rangi itabanduka na koga itakuwa hai chini yake.

Mwalimu wa Sayansi

Nyongeza fupi kwa hoja ya Bi. Nadhifu: Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, hushauri unyevu wa ndani ubaki chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Katika mazingira yenye joto na mvuke mwingi naona 50 hadi 55 ni lengo la busara, maana kila pointi unayoshuka chini ya hapo hugharimu umeme zaidi kuliko iliyotangulia. Na wenye kiyoyozi wakumbuke kwamba kazi ya kukausha hewa ndiyo iliyokizaa: mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kwa unyevu hata rangi zisilingane. Walio nacho chumbani wakitumie kwanza kabla ya kununua kifaa cha pili.

Mpangaji wa Chini

Nawashukuru nyote. Karatasi ya alumini ililowa upande wa chumbani tu. Upande wa ukutani ulikuwa mkavu. Jaribio la chumvi lilionyesha 79, kwa hiyo haigromita yangu inazidisha pointi nne. Tangu nilipofunga dirisha na kulisogeza kabati, kipimo kimeshuka hadi 61, ambacho kwa hesabu hiyo ni 57. Sasa ndoo hujaa usiku na mashine huzima nikiwa nimelala. Je, ni salama kuunganisha mpira wa kutolea maji na kuiacha ikifanya kazi bila mtu? Na maji hayo yana matumizi gani?

Fundi Majokofu

Mpira unafaa, na mashine nyingi zina tundu lake nyuma, ila maji hutoka kwa uzito wake tu. Mpira uteremke moja kwa moja hadi kwenye tundu la sakafu bila kupanda popote wala kujikunja, na mwisho wake usizame ndani ya maji. Kama tundu liko juu kuliko mashine, utahitaji pampu ndogo. Kumbuka kwamba ukitumia mpira, swichi ya ndoo haikulindi tena: mpira ukiziba au ukichomoka, maji yanaweza kuishia sakafuni, kwa hiyo utazame mara kwa mara mwanzoni.

Kuhusu usalama, chomeka plagi moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuongezea. Acha nafasi pande zote ambako hewa huingia na kutoka, na usianike nguo juu yake. Kabla ya kuiacha usiku, tafuta namba ya modeli uone kama imewahi kuitwa irudishwe kiwandani. Mwaka 2013 zaidi ya mashine milioni mbili zilizotengenezwa na kampuni ya Gree ya China na kuuzwa kwa majina mbalimbali ziliitwa zirudishwe huko Marekani kwa sababu ya hatari ya moto, kwa hiyo anayenunua iliyotumika asiruke hatua hii.

Maji hayo usiyanywe wala kuyapikia, hata kama yanaonekana safi, kwa kuwa yamepita kwenye koili za chuma na kukaa kwenye ndoo ambamo bakteria huzaliana. Pigia deki, au mwagilia mimea isiyoliwa. Ndoo ioshwe kwa sabuni kila wiki, na filta ya hewa isafishwe kila inapoonyesha vumbi; filta iliyoziba hupunguza hewa inayopita kwenye koili, koili hushika barafu, na mavuno hushuka.

Weka lengo kwenye 55 mashine iwake na kuzima yenyewe. Kama kihisi chake nacho kimepotoka, kifuate kile kipimo ulichokijaribu kwa chumvi, uweke namba ya mashine juu au chini hadi haigromita yako isome 59.