Gereji imefungua hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda) ya mashine yetu ya nyasi bila kupima chochote, imekula hela na mashine ikarudi bado inachemsha

Wakuu, poleni na majukumu. Nina hasira na sitaificha, ila someni hadi mwisho kwa sababu naamini siko peke yangu.

Nasimamia viwanja vya michezo vya shule moja huku Kigamboni. Tuna mashine ya kukatia nyasi, ile ya dereva kukaa juu, ya dizeli. Injini yake ni Kubota D902: silinda tatu, inapozwa kwa maji, ujazo wake haufiki hata lita moja. Injini hizi ni ngumu. Oili tunamwaga kwa saa zake, chujio la hewa linasafishwa, bledi zinanolewa. Ikaanza kupandisha temperecha. Asubuhi hakuna tatizo, jua likishawaka mshale unapanda taratibu mpaka unagusa nyekundu. Ukiizima ipumzike unashuka, ukirudi kazini unapanda tena.

Shikeni haya vizuri, maana ndiyo msingi wa malalamiko yangu. Maji yalikuwa hayapungui. Moshi mweupe haukuwepo. Oili ilikuwa nyeusi kama oili yoyote ya dizeli, haikuwa imegeuka chai ya maziwa. Ukiiwasha ya baridi huku kifuniko cha rejeta (inayopoza maji ya injini) kiko wazi, hakuna mapovu. Na mpira wa juu wa rejeta haukuwa unakakamaa pale tu injini inapowaka. Haya yote niliyaandika kwenye karatasi, nikaikabidhi gereji pamoja na mashine.

Karatasi hiyo haikusomwa. Naijua kwa sababu niliikuta palepale nilipoiweka, kwenye kiti cha dereva, na alama ya kiatu juu yake.

Gereji yenyewe siitaji. Ni kubwa, ina geti, ina risiti, ndiyo maana uongozi wa shule uliitaka. Fundi mkuu akaisikiliza injini ikiwa saileni (inaunguruma bila resi), akashika mpira wa rejeta, akatamka: "Hedi gasketi imekwenda." Yaani ile gasketi inayoziba kati ya hedi na injini, ambayo ikiungua huleta zile dalili nilizoandika kwamba hazipo. Basi. Hakuna kipimajoto, hakuna kupima presha ya rejeta, hakuna kupima kompresheni. Kisha kijana wao anayejifunza kazi akaagizwa afungue kifuniko cha rejeta ili waone maji, injini ikiwa ya moto! Mfumo ule unashika presha ya karibu bar 0.9, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Ukiondoa kifuniko presha inatoka kwa mkupuo na maji yanageuka mvuke hapohapo. Yule dogo aliungua mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja. Fundi mkuu akamwambia aende akapake dawa ya meno. Wakuu, dawa ya meno! Mimi ndiye niliyemshikilia mkono chini ya bomba, maji baridi yamtiririkie, ndipo nikampeleka zahanati.

Tuliporudishiwa mashine, bili ilizidi milioni moja. Hedi imefunguliwa, uso wake umesagwa, gasketi mpya, wota pampu mpya, feni belti mpya. Themostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto) wameitoa wakaitupa, eti "huku Dar ni joto, haihitajiki." Kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) haimo, wamejaza maji ya kisima. Nikaipeleka uwanjani mchana, mshale ukapanda kuliko mwanzo. Nikawapigia. Jibu lao: rejeta imechoka, nunueni mpya, tunayo.

Yaani mtu amekula zaidi ya milioni kwa ugonjwa ambao haukuwepo, kisha anataka hela nyingine kwa ugonjwa ambao hajaupima!

Nikaamua kupima mwenyewe. Niliazima kwa fundi wa majokofu kipimajoto cha mionzi (siyo kile cha paji la uso cha enzi za Korona, kile hakifiki nyuzi hizi). Mashine ikiwa na moto wake, inakata nyasi kweli, mpira wa juu unaoingiza maji kwenye rejeta ulisoma 108. Mpira wa chini unaotoa maji kurudi kwenye injini, 104. Tofauti nyuzi nne tu! Hapo hata asiye fundi anaelewa: maji yanazunguka, yanapita kwenye rejeta, lakini yanatoka na moto karibu uleule yalioingia nao. Kama juu pangekuwa pa moto sana na chini pa baridi, ningesema vimirija vimeziba au maji hayatembei. Lakini yanatembea. Kinachokosekana ni upepo.

Nikachukua karatasi ya daftari, nikaiweka kwenye wavu wa mbele wa rejeta injini ikiwa kwenye resi. Kwenye mashine hii feni inavuta upepo kupitia rejeta kuuelekeza kwenye injini, kwa hiyo karatasi ilitakiwa inase kwenye wavu. Ikadondoka.

Nikafungua. Hapa ndipo nilipotetemeka kwa hasira. Feni waliyoitoa ili wabadilishe wota pampu, wameirudisha kinyume. Ule upande uliobonyea wa mapanga unatakiwa utazame kule upepo unakoelekea, yaani kwenye injini, wao wameugeuzia kwenye rejeta. Feni ya namna hii ikifungwa kinyume haibadilishi mwelekeo wa upepo, inavuta upande uleule ila kwa unyonge mkubwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuiangalia inazunguka akaridhika.

Hiyo inaeleza kwa nini ilirudi mbaya zaidi. Lakini chanzo cha kwanza kilikuwa nini? Mbele ya rejeta ya maji kuna rejeta ndogo ya kupoza oili ya haidroliki. Ukisimama mbele ukachungulia unaiona ni safi kabisa, na nadhani ndicho walichofanya, kama walichungulia. Mimi nikalegeza boliti zake, nikaivuta pembeni bila kufungua mipira yake. Katikati ya zile rejeta mbili palikuwa na blanketi. Nyasi kavu, vumbi, mbegu za majani, vyote vimelowana oili kidogo inayovuja kwenye maungio ya mpira mmoja wa haidroliki, vimeshikana mpaka nikavibandua kipande kizima kwa vidole kama zulia. Nyuma yake mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vinavyopitisha upepo, hayaonekani! Na kipande hicho kilikuwepo wakati wao wanafungua hedi. Wameibeba hedi, wameisaga, wameirudisha, huku ugonjwa wenyewe unahitaji spana ya namba kumi na brashi.

Kwa wenye mashine kama hii, kusafisha kwenyewe kuna namna yake. Nyunyiza sabuni ya kutoa grisi injini ikiwa ya baridi, acha ilainike, kisha piga hewa au maji kutokea upande wa injini kwenda nje, kinyume na njia ya upepo. Ukipiga kutokea mbele unazidi kuzisukumia nyasi ndani. Na usisogeze ile mashine ya kuoshea magari karibu, mapezi ni laini, yakilala yameziba na hapo umejitengenezea tatizo jipya. Mapezi yaliyopinda nyoosha kwa subira na kitu chembamba.

Sasa themostati. Nililazimika kwenda kuitafuta kwenye kopo lao la vyuma chakavu, na nikaipata kwa sababu imepigwa chapa ya 71, yaani nyuzi inazoanza kufunguka. Nikaitundika kwa uzi kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, nikawasha jiko. Ilipofika nyuzi 70 na kidogo ikaanza kuachia, ilipofika 85 imefunguka yote. Nzima kabisa! Na gereji hii inaitoa kwenye kila injini inayoingia, vijana wao wenyewe waliniambia, wanaona ni utaalamu.

Nasema hili kwa sauti: kutoa themostati siyo tiba ya injini inayochemsha. Injini ya dizeli inataka joto lake ili mafuta yaungue vizuri. Isipolifikia, asubuhi inatoa moshi mweupe wa dizeli isiyoungua, sehemu ya dizeli inateremka kwenye oili, na silinda zinalika. Zaidi ya hapo, injini nyingi zina njia ya pembeni inayozungusha maji ndani ya injini kabla themostati haijafunguka. Zipo ambazo njia hiyo hufungwa na themostati yenyewe. Ukiitoa, njia inabaki wazi, na sehemu ya maji yanazunguka humohumo bila kupita kwenye rejeta. Joto la Dar halina uhusiano. Mchana wa Januari hapa ni nyuzi 32 au 33, na injini hizi zinafanya kazi kwenye nchi zenye joto kuliko hili.

Na yale maji ya kisima! Visima vingi huku vina chumvi, kila mwenye birika nyumbani anajua unachokikuta chini yake. Chumvi hiyo inagandia ndani ya koti la maji la injini (nafasi za maji zinazozunguka silinda) na kwenye vimirija vya rejeta, joto linashindwa kutoka, na aluminiamu inaliwa. Kulanti haipo kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake. Inazuia kutu, inalainisha sili ya wota pampu, inapandisha kiwango cha kuchemka. Nimemwaga yao yote, nimesuuza, nimejaza kulanti na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu.

Jambo jingine lililoniudhi: walimshauri dereva wetu akate nyasi kwa nusu resi "ili injini isichoke." Feni na wota pampu vinazungushwa na injini. Ukishusha mzunguko umeshusha upepo na maji, huku bledi zinadai nguvu ileile. Kwenye kukata, resi kamili. Nyasi zikiwa ndefu, punguza mwendo wa mashine au pandisha bledi juu ukate mara mbili.

Baada ya kusafisha, kugeuza feni na kurudisha themostati, mchana wa jua kali mpira wa juu unasoma 88, na mshale umekaa katikati. Rejeta ni ileile waliyosema imechoka.

Kwa hiyo siji hapa kuomba msaada wa kuchemsha. Nimerudi gereji na picha za ile feni, picha za lile blanketi la nyasi na vipimo vyangu, nikaomba waniandikie walipima nini kabla ya kufungua hedi. Mapokezi wananiambia fundi mkuu yuko likizo. Nimeomba hela ya hedi, gasketi na wota pampu irudi. Kimya. Mhasibu wa shule ananiuliza mimi, wazazi wanauliza uongozi, na wale waliokula hela wamenyamaza. Namba yangu nadhani wameshaifungia. Nimewapelekea barua yenye mhuri wa shule, na wakili wa shule ana nakala.

Ninachohangaikia sasa ni hedi. Imesagwa kiasi gani, hakuna anayejua. Kitabu cha injini kinasema uso ukiwa umepinda chini ya 0.05 mm unaachwa ulivyo. Waliupima? Kwa rula gani? Na gasketi waliyoweka ina unene gani? Pistoni na hedi vinaachana kwa nafasi ndogo sana, na nafasi hiyo hupimwa kwa waya laini wa risasi unaopondwa pistoni inapofika juu, kisha unene wake unasomwa kwa maikromita. Dar nzima nimeuliza mafundi, wananiambia "iwashe tu, kama inaunguruma ni nzima." Fundi yeyote hapa mwenye maikromita na aliyewahi kupima kwa waya kwenye injini ndogo za dizeli, nitafute inboksi. Mashine nitailetea mwenyewe, nitalipa kazi, na nitasimama hapo nikiangalia kipimo kikisomwa.