Balbu ya wati 100: mita inasoma omu 38 tu

Wakuu, balbu ya uzi, 230 V, 100 W. Fomula ya nguvu, V²/R (volti mara volti, gawa kwa ukinzani), inanipa wati 1,392! Kosa liko wapi?

— Umeipima ikiwa baridi. Uzi wa tungsteni ukiwaka hukaribia nyuzi 2,500 za Selsiasi, ukinzani unapanda zaidi ya mara kumi. Pima mkondo ikiwa inawaka: 0.43 A. Basi R = 230 ÷ 0.43 = omu 535; P = 230 × 0.43 = wati 99.

— Mkondo mdogo huo klampu (mita yenye taya za kubana waya) haiusomi vizuri. Zungusha waya wa laivu peke yake mara 10 kwenye taya, ugawe kwa 10. Ukibana laivu na nyutro pamoja, utasoma sifuri.

— Hita ya nikromu (waya wa aloi ya nikeli na kromiamu) haina vituko hivyo: ya 2,000 W kwa 230 V ni kama omu 26.5, baridi au moto hazipishani sana. Umeme ukishuka hadi 200 V, unabaki na wati 1,510 hivi.